Samaki wa Maji ya Kasi

Kwetu Kalimoni samaki wote walikuwa na jina moja, thamaki kwa matamshi yetu, basi. Nyumbani hakuna aliyewala, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kuwatofautisha. Ndiyo sababu sikuona ubaya wa uongo wangu.

Nilikuwa kibarua wa daktari mmoja, binti mdogo kwangu kwa umri, daktari wa samaki wala si wa watu. Alichunguza aina mbili zilizo ndugu wa karibu katika mto wetu. Mmoja hukaa dimbwini, kwenye maji yaliyotulia. Mwenzake, mwembamba na mwenye sharubu ndefu kidogo, hukaa chini ya mawe penye maji ya kasi, na hivyo hawagombanii chakula. Kazi yangu ilikuwa kuingia na wavu kote kuwili, yeye akipima samaki ukingoni.

Lakini mimi naogopa maji yanayokimbia. Kwa wiki mbili nilijaza ndoo zote dimbwini, nyuma ya matete asikoniona, na moja nikaiandika "maji ya kasi". Thamaki ni thamaki, nilijiambia.

Asubuhi moja akaweka kalamu chini, machozi yakimlengalenga.

"Anti, wale wa mawe wameisha. Hakuna ata mmoja. Leo naandika ripoti, tunafunga hii kazi."

Samaki wazima wangetangazwa wamekwisha kwa sababu ya woga wangu!

"Ngoja kwanza," nikasema, nikauchukua wavu kabla sijabadili mawazo.

Hatua ya tatu penye maji ya kasi, gambuti zangu zikajaa maji. Mto ukanisukuma mapajani, jiwe likabingirika chini ya mguu wangu, nikapiga kelele, "Ngai!" Nikakumbatia mwamba kwa mkono mmoja. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi, nikalia bila aibu. Nikilia hivyo hivyo, nikachokora mawe kwa kisigino, na wavu ukatikisika.

Walikuwa wanne, wembamba, wenye sharubu.

Nilitoka nikitambaa, nikamwambia yote, nikangoja anifukuze. Aliwatazama samaki, kisha akayatazama maji.

"Anti, ata mimi siwezi kuingia hapo. Nilijaribu mara moja nikalia. Ndio maana nilitafuta mtu wa huku."

Akanipa ndoo nyingine, na kwa sauti ndogo akaniambia kwamba wanne hawatoshi.