Meza Tupu Chini ya Kibao

Mimi ni muuza mboga wa Kariakoo, na kilichokuwa kikinikera kuliko mvua na jua ni mteja kuinua fungu langu la mchicha, akalinusa, kisha akauliza kama limemwagiliwa maji ya mtaroni. Analinusa! Mchicha wangu! Kuna mama mmoja wa Upanga nilimwambia akanuse viatu vya mumewe. Akaenda zake, na waliokuwa nyuma yake wakamfuata. Mdomo wangu huu, jamani.

Kwa hiyo watu wa serikali walipopita sokoni wakitafuta wauzaji wa kujaribia alama mpya ya taifa, nilijipenyeza mbele. Alama hiyo ingewekwa kwenye mboga na matunda yaliyolimwa kwa usalama: maji yanajulikana yalikotoka, dawa imepigwa kwa kipimo, na mkulima amesubiri iishe nguvu ndipo akavuna. Kanuni zilikuwa bado zinaandikwa, na sisi wa majaribio tulikuwa tunaitwa ofisini kwao Ilala kutoa maoni. Nikaunganishwa na wakulima waliokaguliwa, nikapewa kibao cha kijani cha kutundika juu ya meza. Siku ya kwanza nilikuwa nakifuta vumbi kwa upindo wa kanga kila nikikaa. Nilikuwa na raha, sikufichi. Mwenye pua yake sasa angesoma kibao.

Biashara ikanoga. Ikifika adhuhuri mboga zimekaribia kuisha.

Jirani yangu ni Mchaga, meza yake imegusana na yangu. Nikienda kuswali ananishikia meza. Yeye akienda kwao Kilimanjaro kula Krismasi, namshikia yake. Na kwetu sokoni kushika meza si kukaa tu na kuangalia. Meza ya mwenzio ikipungua unaijaza kutoka kwako, mtaelewana baadaye, maana mteja haisogelei meza tupu. Tumefanya hivyo miaka yote, hata hatuombani tena.

Majaribio yalipokaribia kwisha tuliambiwa mkaguzi atakuja siku yoyote kuchukua mboga za kupima maabara. Atakayekutwa na mboga zisizotoka kwa wakulima wa alama ananyang'anywa kibao. Siku moja nilirudi kutoka msikitini nikiwa mwepesi, nikijua nimeacha nyanya chache tu. Nikakuta mlima. Nyanya nyekundu, zimefutwa zikang'aa, zimepangwa chini ya kibao changu, na mkaguzi, binti mwenye koti jeupe, anazitia kwenye mfuko. Jirani yangu ananitabasamia kwa fahari.

Nikinyamaza, huenda maabara wasione kitu, kibao kikabaki. Nikisema, nakipoteza, tena namwaibisha mtu aliyenitendea wema mbele ya soko zima. Nikamkumbuka yule mama wa Upanga. Kama nyanya zisizojulikana zinaweza kukaa chini ya kile kibao, basi alikuwa na haki ya kunusa. Wazo hilo liliniuma kweli.

"Mwanangu, zirudishe," nikamwambia mkaguzi. "Hizo si zangu."

Tabasamu la jirani likazimika. Mkaguzi akauliza zimefikaje pale. Jirani akajibu mwenyewe, wala hakupunguza sauti.

"Nimezijaza mimi. Meza ya mwenzangu ikae tupu na mimi nipo?"

Binti wa watu alitutazama, akazimwaga nyanya zile, akateremsha kibao. Akasema nitajulishwa.

Jirani alininunia. Salamu ya asubuhi alikuwa anaijibu huku kageukia bilinganya zake. Na mimi nikanuna, maana kununa najua, lakini kwa kweli nilimkosa. Kwenda kuswali nikawa nafunika meza kwa turubai.

Hatimaye tukaitwa Ilala, tukasomewa kanuni. Safari hii palikuwa na mpya: meza yenye alama ikiishiwa, iachwe tupu mpaka mzigo mwingine wa wakulima wale wale ufike, na anayeishika asiongeze chochote. Baada ya hapo nikarudishiwa kibao changu, kwa kuwa nilisema ukweli kabla sijaulizwa. Nilikibeba kifuani mpaka Kariakoo, nikamweleza jirani kila kitu, na ya kwamba kanuni hiyo imetoka kwetu sisi wawili, itafuatwa nchi nzima. Akasema nchi nzima itakufa njaa kwa kanuni za watu ambao hawajawahi kuuza hata fungu la limau. Lakini alisema akiwa amenigeukia.

Kesho yake mboga ziliisha mapema. Nilipokwenda kuswali sikufunika turubai, nikamwambia tu, "Nishikie." Niliporudi, chini ya kibao palikuwa safi, hapana nyanya hata moja. Katikati ya meza kulikuwa na sahani mbili za wali na maharage, zimefunikwa, na kiti chake kakisogeza upande wangu.

"Hizi hazina alama," akasema. "Kaa ule."