Kupita Mtihani wa Mkojo

Nakumbuka ilikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi, Jumanne ya kliniki, nilipoingia katika maabara ya Bwana Mutua nikiwa na chupa yangu mkononi na tabasamu la mtu anayejua matokeo yake. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, karani wa stoo, mkazi wa Kaloleni. Kisukari nilikuwa nacho kwa miaka sita.

Mwanangu, sisi wagonjwa wa sukari wa foleni ile tulikuwa na lugha yetu. Kwa kila mmoja, Bwana Mutua alitia matone manane ya mkojo katika dawa ya buluu, ndani ya kichupa chembamba cha kioo, kisha akachemsha juu ya taa ya spiriti. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikigeuka kijani, ipo kidogo. Ikifika wekundu wa matofali, imejaa. Buluu tuliita kupita, nyekundu tukaita kuanguka, na kama wanafunzi wavivu tulijitayarisha siku mbili za mwisho. Kila wiki ya kliniki, kuanzia Jumapili nilikula sukuma wiki tupu na kunywa chai isiyo na sukari. Jumanne jioni nilirudia chapati, na vijiko vitatu vya sukari katika kila kikombe.

Siku hiyo kichupa kilibaki buluu. Kamau, dereva aliyekuwa akingoja zamu yake mlangoni, alichungulia.

"Karani, umepita ama umeanguka?"

"Buluu tupu!"

"Basi chapati za leo ziko juu yako."

Bwana Mutua hakucheka. Alikuwa mtu mpole, aliyefuta kila kichupa mara mbili, na hakuandika tokeo lolote kabla ya kulitazama penye mwanga wa dirisha. Sasa alikuwa akitazama chini.

"Kijana, ni nani anachora sakafu yangu?"

Nikageuka. Kutoka mlangoni hadi niliposimama kulikuwa na alama za damu, moja kwa kila hatua ya mguu wa kulia. Nikavua kiatu. Fundi alikuwa amekitia soli mpya juzi yake, na msumari mmoja ulikuwa umechomoza ndani. Nilikuwa nimetembea nao kutoka nyumbani, tena nikipiga mluzi.

"Fumba macho," alisema. "Nikikugusa kwa pamba, niambie."

Nikafumba. Nikangoja.

"Gusa basi, mzee."

"Nimeshagusa mara tatu."

Nilifumbua macho. Alikuwa bado ameshika kidole changu cha mguu, na mimi sikuwa na habari.

"Mkojo umenieleza ulivyokula tangu juzi," alisema. "Mguu usiohisi unanieleza ulivyokula miaka sita. Kila mara nimeandika buluu, daktari akaisoma, akakuachia dawa ileile. Je, tulikuwa tunamtibu nani?"

Angeweza kuniaibisha mbele ya foleni nzima. Badala yake aliniosha kidonda kwa mikono yake, akaniambia nirudi Ijumaa nikiwa nimekula kama kawaida yangu. Nikarudi. Rangi ilipita kijani, ikapita manjano, ikatua kwenye wekundu wa vigae vya mapaa yetu ya Kaloleni. Niliinamisha kichwa.

"Asante," aliniambia, kana kwamba nimemletea zawadi. "Sasa daktari ana kitu cha kutibu."

Daktari alibadilisha dawa. Kidonda kilichukua wiki tisa kupona. Kidole kidogo cha mguu huo kilikatwa, mguu ukabaki. Tangu hapo nilianza kusoma vitabu vya maradhi haya, kamusi pembeni, na kila nilichokielewa nilikirudisha kwake anisahihishe. Sijapata kumwona tena mtu anayeshukuru kwa tokeo baya mradi tu liwe la kweli.

Kwa hiyo, mwanangu, nenda maabara ukiwa vilevile unavyoishi; anayekupima hakupi alama. Ukiwa na kisukari, kagua nyayo zako kila jioni, maana siku moja zinaweza kuumia bila kukuambia. Kung'uta viatu kabla ya kuvivaa. Sehemu usiyoiona, itazame kwa kioo cha mkononi, kama nifanyavyo mimi hadi leo.

Mungu akujalie nyayo zinazohisi baridi ya sakafu hadi uzeeni, na akukutanishe na mtu wa kukuambia ukweli kwa upole. Mguu huu ninaotembelea ulisalimika. Kioo cha kuulinda nilikinunua kwa shilingi tatu.