Wambeti, Mbogo na Giaboksi ya Zamani

Mimi ni mzee wa kanisa na siamini mizimu. Nimefungua injini za magari yaliyoua watu, nikala chapati juu ya boneti zake, na sijawahi kuona lolote. Kwa hiyo nikikusimulia habari za Wambeti, usidhani kichwa cha Salesio kimelegea skrubu. Nasema nilichokiona mchana, gereji ikiwa wazi.

Wambeti ni Muembu wa upande wa Runyenjes. Alikuja Githongo, huku kwetu Meru, akiwa msichana, karani wa mizani kwenye kiwanda cha kahawa, kisha akaolewa na Mwongera wa hapa Kaaga. Wakulima walimpenda na kumwogopa kwa jambo moja: hakumung'unya maneno. Siku moja mwenyekiti wa kiwanda alileta gunia lenye matunda mekundu juu na mabichi chini, na Wambeti alilimwaga lote sakafuni mbele ya foleni nzima, akamwambia aokote mwenyewe. Sasa ni bibi wa miaka sabini na kitu. Meno yamepungua, ulimi uko vilevile.

Mumewe alikuwa na gari refu la Kimarekani, boneti pana kama kitanda, na watu waliliita Mbogo. Lilikuja na injini ya silinda sita. Mwongera akaona haimtoshi, akaing'oa, akaweka V8, yaani ya silinda nane, iliyotoka kwenye gari lililopinduka huko Nanyuki. Giaboksi akaacha ileile ndogo ya gia tatu, na breki zilezile. Mwaka wa sabini na nane alikufa ndani yake kwenye mteremko wa Nithi.

Wambeti alilivuta Mbogo hadi nyumbani, akalijengea kibanda na kulifunika turubai. Watu walimshauri aliuze kama chuma chakavu. Aliwauliza kama wao huuza mabaki ya waume zao.

Mjukuu wake wa kwanza aliitwa Mwongera pia. Kwao Embu mjukuu wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu, na bibi humwita mume wangu, nusu mzaha na nusu kweli. Nimemsikia mara nyingi sokoni akimgombeza: "Mume wangu, unakuja kuniona mikono mitupu? Hata sukari?" Kijana hucheka na watu hucheka. Hata mimi nilikuwa nacheka.

Kijana huyo alipata kazi ya ofisi Embu mjini, akaanza kutamani Mbogo. Nilitarajia bibi amfukuze. Badala yake alikubali upesi, kwa sharti kwamba kazi ifanyike kwenye gereji yangu na yeye awepo akiona. Wakalileta juu ya lori mwezi wa saba, wakati ule ukungu hushuka kutoka mlimani na saa sita mchana huoni ua wa jirani.

Kabla hajafungua boneti, kijana aliigonga kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Wambeti alikuwa kwenye kiti changu cha plastiki akinywa chai yangu. Akaacha kunywa.

"Nani alikufundisha hiyo?" akauliza.

"Gani, Cucu?" kijana akamuuliza bibi yake.

"Kugonga. Babu yako aligonga hivyohivyo."

"Sijagonga kitu mimi."

Nami nilimwona akigonga. Nikajiambia vijana wa siku hizi mikono yao hufanya mambo na akili iko kwenye simu, nikaendelea na kazi.

Ile V8 ilikuwa imepasuka tumbo, ya kutupa. Nilimweleza kijana kwamba kuchagua injini si kuchagua kiatu cha kuonyesha watu. Nguvu ikitoka mbele lazima ipokelewe nyuma: klachi, giaboksi, propela, difu inayozungusha magurudumu, na mwisho wa yote breki za kuisimamisha. Nilimpendekezea silinda sita ya Toyota, inayouzwa pamoja na giaboksi yake ya gia tano. Hizo zimezaliwa pamoja, hazigombani. Tungeweka na breki za disiki kwanza, ndipo tuzungumze habari za mwendo.

"Six ni ya wazee, fundi," akaniambia. "Mimi nataka V8, ile moto kabisa."

"Na giaboksi?"

"Wacha nifikirie. Nitarudi Saturday."

Juma lile sikulipenda. Mkono wa gia wa Mbogo uko kwenye usukani, na jioni niliuacha huru ili tuweze kulisukuma. Asubuhi nikaukuta kwenye gia ya tatu. Nikaurudisha. Kesho yake tena, gia ya tatu. Mlango wa gereji ulikuwa na kufuli na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilisema ni springi iliyochoka, nikafungua kuitazama, na springi ilikuwa ngumu kiasi cha kunichubua kidole. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nikaanza kufunga kazi mapema.

Wambeti alipokuja nilimtajia, kwa mzaha tu.

"Ndivyo walivyoikuta," akasema.

"Akina nani?"

"Waliomtoa mume wangu Nithi. Ilikwama hapo, kwa tatu. Alijaribu kurudisha kwa mbili ishike gari, ikakataa. Breki zilikuwa zimeshaungua."

Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo, alisema, hata mwanawe. Nilimwongezea chai.

Jumamosi kijana alifika, ukungu ukiwa umeshuka. Aliingia gerejini akizungusha funguo kidoleni, akaegemea mlango wa Mbogo na kuupapasa.

"Fundi, nimeamua. Tafuta V8. Giaboksi wacha hii hii ya zamani. Hii ni chuma ya ukweli, itatuzika sisi wote."

Kikombe cha Wambeti kilianguka. Hakukitazama.

"Sema tena," akamwambia.

"Nini?"

"Hiyo ya giaboksi. Sema tena."

"Nimesema itatuzika sisi wote, Cucu. Si ni msemo tu?"

Wambeti alinigeukia, akanisimulia mbele yake kama vile kijana hayupo. Maneno yale, kwa mpangilio uleule, mumewe aliyasema gerejini mwaka wa sabini na nane, ameegemea mlango uleule. Yeye alikuwa amesimama pembeni na mtoto mgongoni. Alijua kuna kosa. Mtu wa mizani anajua ukiongeza mzigo bila kubadilisha chuma kinachoubeba, kuna kitu kitavunjika. Alitaka kumkataza. Lakini mafundi walikuwa wanacheka, yeye alikuwa mgeni, Muembu mmoja kati ya Wameru, na mke hampingi mumewe mbele ya wanaume. Huyu aliyemwaga kahawa ya mwenyekiti alimeza maneno yake siku hiyo, na kabla mahindi hayajavunwa akawa mjane.

"Nimekaa nayo hapa," akasema, akijigusa koo.

Kisha akasimama mbele ya kijana. Ni mfupi, anamfika kifuani.

"Mume wangu, nisikize vizuri. Hiyo V8 hapana. Fundi ataweka ile ya Toyota na giaboksi yake, na breki ndio ya kwanza. Ukikataa, hii gari naichoma leo hapa hapa. Nilikuzika mara moja. Sikuziki tena."

Nilisubiri kijana acheke, maana hucheka kila akiitwa mume. Hakucheka. Alimtazama bibi yake, na uso wake ukatulia kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu wa umri wake. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka na safari.

"Wambeti," akasema, "hata ile mara ya kwanza ungesema, ningekusikia."

Hakuna mjukuu huku kwetu anayemwita bibi yake kwa jina.

"Mara ya kwanza gani?" nikamuuliza.

Kijana alipepesa macho, akanigeukia. "Mara gani, fundi? Mimi nimesema sawa. Weka hiyo ya Toyota."

Wambeti alikuwa ameketi chini kwenye oili, akilia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba asubuhi hiyohiyo. Kijana alichutama akamshika bega, akiwa ameshangaa kabisa.

"Cucu, si nimekubali? Sasa unalia nini?"