Jiko Lisilo na Kuta

Mke wangu alipoomba jiko la nje, hakuwa anaomba anasa. Alitaka mahali ambapo mama yake angeweza kuketi.

Kwetu Wasamia, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawashikani mikono, hawatazamani wakila, na mama haingii katika nyumba yenye kitanda cha mkwewe. Sasa, miaka yote tulipokuwa tumepanga chumba kimoja mjini Busia, upande wa Uganda, kitanda changu ndicho kilichokuwa nyumba. Mama alikuwa akija kutoka Majanji, huko ufukweni mwa ziwa, na samaki wake, anasimama nje ya mlango, anamkabidhi binti yake kikapu, anakunywa soda kama mtu anayemeza dawa chungu, anaondoka. Mimi muda huo nimejibanza nyuma ya choo cha mwenye nyumba. Hatukuwa tumegombana hata kidogo. Ilikuwa heshima tu, na heshima yetu ilikuwa kubwa kiasi kwamba siku tuliyokutana sokoni upande wa Kenya, yeye alizama nyuma ya lundo la mitumba, nami nikaingia kwa kinyozi wa karibu, nikanyolewa nywele ambazo hazikuwa na kosa lolote.

"Watoto wetu wameota ndevu," mke wangu aliniambia tulipohamia kwetu, "na mama yangu hajawahi kula ugali nyumbani kwangu. Nijengee jiko la nje, Baba watoto. Aje akae, apike, ale kama mtu."

Kwetu ni Masinya. Kiwanja kina muhogo, migomba michache na baraza, na anga ikiwa safi unauona mwamba wa Tororo ukiwa umesimama kule kama jino la mwisho la mzee. Nyumba ina jiko la ndani, lakini wakati wa kiangazi, chini ya mabati yale, hupiki chakula, unapikwa nacho.

Nilikubali haraka mno. Lazima niseme kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Ninashona sare za shule hapo barazani, na wakati wenzangu wanavuka mpaka asubuhi na jioni kutafuta riziki, safari yangu ndefu ni kutoka kwenye cherehani hadi kwenye chungu. Jiko la nje lingekuwa mbele ya macho yangu kutwa nzima. Kwangu hiyo ilikuwa kama kujengewa mji.

Nikaanza kupanga. Nilichora ramani ardhini kwa chaki ya kukatia nguo, nikapima kwa futi yangu ya kitambaa. Fundi niliyemwita kutoka Tororo, Mjopadhola mmoja mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliichukua ile futi akaipindua pindua.

"Bosi, hii si ndiyo unapimia wamama makalio?"

"Ndiyo hiyo."

"Sasa itapima jiko?"

"Jiko na makalio, vyote vinataka nafasi."

Alicheka hadi akakalia karai.

Nilisoma hadi kidato cha nne, na katika masomo yote ni Jiografia peke yake iliyonipenda. Nilijua, basi, kwamba alasiri upepo hutoka upande wa ziwa. Nilifunga uzi mwekundu kwenye kijiti, nikakichomeka uwanjani, nikawa nauangalia unavyopepea. Mke wangu alikuwa akipita na ndoo yake ya maji.

"Umeshika ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Samaki. Si unavua?"

Chekeni tu. Nilipomaliza hesabu zangu, jiko lilikuwa limekaa kiasi kwamba upepo ungeingia upande mmoja na kutoa moshi upande wa pili, uende zake kwenye muhogo, usimguse mpishi. Jua la asubuhi lisingempiga usoni. Mvua ya upande isingefika mafigani. Nililala na kuamka na lile jiko. Saruji ilipomwagwa sakafuni, nilikuwa wa kwanza kuamka ili niinyweshe maji, na nilimkemea kuku aliyeikanyaga kwa maneno ambayo sijawahi kumwambia mtoto.

Na lilipendeza! Nguzo za mkalitusi zilizonyooka, bati jipya, meza ya matofali iliyopigwa lipu ikawa laini kama ubao wa darasani. Sehemu mbili za kuni, pembeni kijukwaa cha sigiri kwa siku za mkaa. Karai la kuoshea vyombo lilitobolewa na kuunganishwa na mpira unaopeleka maji migombani. Na ukingoni benchi la saruji, fupi, pana, la kunyooshea miguu. Hilo lilikuwa benchi la mama mkwe.

Fundi aliniuliza mara moja tu. "Bosi, ukuta tunaweka?"

"Ukuta wa nini? Hili ni jiko la nje. Ukiliwekea ukuta linakuwa jiko la ndani lililopotea njia."

Nilijipenda sana kwa jibu hilo. Nililirudia kwa majirani.

Kazi ilipokwisha, mke wangu alikuja kulijaribu. Alipitisha kiganja juu ya meza, akamwaga maji kwenye karai, akayasikiliza yakienda migombani, akatabasamu hadi nikaona aibu ya furaha. Mama yake alikuwa ameshatuma habari: angekuja Jumamosi, na samaki walikuwa tayari kwenye moshi. Kisha mke wangu akaketi kwenye lile benchi, pale pale ambapo mama angeketi, akanyoosha miguu.

"Hebu kakae kwa cherehani yako," akasema.

Nikaenda nikakaa. Nikampungia mkono. Hakunipungia.

"Unaniona?"

"Nakuona vizuri sana!"

"Mpaka meno?"

"Mpaka meno!"

"Na mama akikaa hapa, anakula, wewe utakuwa unaona nini?"

Mguu wangu ulikuwa juu ya kanyagio la cherehani. Ukabaki hapo. Nilikuwa nimempangia upepo, jua, mvua, hata maji machafu. Kumpangia mama mkwe, ambaye ndiye sababu ya jiko, nilisahau. Nilikuwa nimemjengea jukwaa, nami nikajiwekea kiti cha mbele.

Fundi alikuwa akiosha mwiko wake. "Mimi nilidhani mkwe wako alishakufa," akasema kwa upole. "Nikasema, masikini, ndiyo maana hataki ukuta."

Tulibaki na siku chache. Mke wangu hakunitukana, jambo lililonitisha zaidi. Nilijitolea kuhamia nyuma ya nyumba siku hiyo.

"Mama akijua umefukuzwa barazani kwako, hatakaa," akasema. "Atasema anatusumbua. Utaona ameshika kikapu."

"Basi niende Tororo nikashinde huko."

"Tororo utafanya nini?"

"Watu hufanya nini Tororo?"

Aliniangalia. Nilikuwa nimeuliza kwa dhati.

Nikaleta wazo la pazia. Nilikuwa na jora zima la kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, cha shule moja ya msingi.

"Mama yangu akae nyuma ya sare za shule? Aimbe wimbo wa taifa kabla ya kula?"

Mwishowe tulinunua mikeka ya mafunjo kwa akina mama wa Sikuda wanaoyakata bwawani na kuyasuka. Fundi akapiga fremu ya mbao upande unaotazama baraza, akaigongomea mikeka kutoka chini ya bati hadi sakafuni. Ilipendeza, ilinukia majani mabichi. Nikakaa kwenye cherehani, sikuona kitu. Nikashangilia kama mtu aliyefunga goli. Na kwa furaha hiyo sikukumbuka kuuliza ule upepo wangu wa ziwani ungepita wapi.

Jumamosi mama akafika. Nilisikia bodaboda ikizima, nikainamisha kichwa kwenye suruali fulani ya mtoto, nikashona mstari uliokwisha kushonwa. Sauti yake ikatoka nyuma ya mkeka.

"Mkwe, mko wazima?"

"Tuko, mama. Habari za Majanji?"

"Ziko."

Kwa miaka yote, hayo ndiyo mazungumzo yetu marefu kuliko yote.

Moto ukawashwa. Nilisikia kuni zikilia, chungu kikitua, mama akimcheka mke wangu kwa jinsi anavyovunja samaki. Baadaye alasiri, upepo ukaja kwa wakati wake, mwaminifu kabisa, ukagonga mkeka, ukarudi. Moshi wote ukabaki ndani. Kikohozi kikaanza. Kwanza cha mke wangu, kisha cha mama, kirefu. Nikasikia kikapu kikiburutwa sakafuni.

Anaondoka, nikajiambia. Ameingia jikoni kwa binti yake mara ya kwanza, na mimi nimemfukuza kwa moshi kama nyuki.

"Mkwe!" Sauti ilikuwa karibu, mkeka tu katikati yetu. "Nani alipanga hii moshi?"

Nilitafuta jibu la heshima. "Ni upepo, mama."

"Upepo ndiyo ulikuja na futi?"

Mke wangu akaguna kicheko. Alikuwa amemsimulia mama yake kila kitu, hata kijiti chenye uzi.

"Hapo mwanzo ulikuwa unapita vizuri, mama," nikasema, kwa uchungu wa fundi aliyeharibiwa kazi. "Ni mkeka ndio unauzuia."

"Sasa si tupandishe huku chini?"

"Nitaona miguu yenu, mama."

Nilidhani nimekosea.

"Miguu yangu," akasema, "si ulishaiona sokoni ikikukimbia?"

Nilicheka hadi sindano ikanichoma kidole. Naye alicheka, kicheko kikubwa cha watu wa ziwani, ambacho sikujua anacho. "Na wewe ulinyolewa kama mfungwa!" akaongeza. Kumbe kule nyuma ya mitumba alikuwa akichungulia.

Nikawapitishia uzi mnene chini ya mkeka. Wakaung'oa mkeka kwa chini, wakaukunja, wakaufunga usawa wa magoti. Upepo ukaingia kama mtu aliyefunguliwa mlango, ukabeba moshi, ukaupeleka kwenye muhogo, palepale nilipouambia uende. Nilitamani mwalimu wangu wa Jiografia awepo.

Kisha nikasikia chakula kikipakuliwa. Nilijigeuza niutazame ukuta wa nyumba, lakini jicho la mtu halina nidhamu. Chini ya mkeka niliona kile kikapu: kilikuwa kimesukumwa pembeni tu, kupisha nafasi. Nikaona miguu ya mama imefika kwenye benchi, ikasita. Halafu ikavua ndala, moja, na nyingine, ikanyooka juu ya saruji, kisigino juu ya kisigino.

"Baba watoto," mke wangu akaita baadaye, na sauti yake ilikuwa na maji ndani, "usije huku. Mama anaongeza ugali."