Ufukwe Aliouchagua Baba Kulwa

Jamani, ukiolewa na mchimbaji, usimwonyeshe picha ya mchanga.

Leo mume wangu karudi nyumbani Kambarage kutoka Rwamgasa, anakochimba dhahabu. Aliniahidi mwaka huu tunapumzika nje ya nchi, na mji nachagua mimi.

Nikamwonyesha picha kwenye simu yangu, nikaanza na mji wa kale wa Msumbiji. Makanisa ya Wareno, vibaraza, kuta za rangi ya waridi.

Akaangalia weee.

"Mama Kulwa, nyumba haijapigwa plasta tangu Mreno aondoke, halafu tutoe nauli kwenda kuishangaa?"

Haya. Nikahamia baharini. Mchanga mweupe, maji ya bluu, watu wamejilaza hawana habari.

"Mchanga mweupe hivi hauna kitu."

Hauna kitu?! Kwani nimesema tukauchenjue tutoe dhahabu?

Nikachoka, nikampa simu apekue mwenyewe. Mara kakaa wima.

"Hapa! Komoro!"

Nikachungulia. Ufukwe wa mchanga mweusi tii. Na wachimbaji wakiona mchanga mweusi, wanaona dhahabu. Macho yalivyomwaka! Hata siku ya harusi hakunitazama hivyo.

Sasa hivi yuko nje anaongea na mwenzake kwa simu yake. Namsikia anauliza kama karai la kuoshea mchanga linaruhusiwa kwenye ndege.

Nimecheka mpaka machozi. Kisha nikaikuza ile picha, nione hoteli tu.

Jamani.

Pale maji yanapoishia, kama kuna kitu kinang'aa.

Nani ana karai la kuniazima?