Mama Insha na Wifi Yake wa Hesabu

Usiniambie wivu ni wa mapenzi tu. Mama Insha, mwalimu wa kuandika hadithi, alikuwa na mume aliyetulia, wala hakuwahi kumnusa shati hata siku moja. Aliyemnyima raha alikuwa wifi yake, dada wa huyo mume, mwalimu wa hesabu kwenye shule hiyohiyo. Na waligombania nini? Mtoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa kitinda mimba wa Mama Insha, msichana wa darasa la sita ambaye nyumba nzima ilimwita Wakili. Ukimwambia akalale atauliza sababu, na ukimpa sababu ataikatia rufaa. Darasa lake lote lilikuwa hivyohivyo, maana wifi alikuwa amelifundisha hesabu tangu watoto hao wakiwa na mapengo. Mama Insha akiandika ubaoni kwamba sungura alimwambia fisi, mkono unainuka: sungura alijulia wapi lugha ya fisi? Akisema jini aliingia kwenye kibuyu, wanataka kwanza ukubwa wa jini, halafu ukubwa wa kibuyu.

"Hiyo haiingii akilini, Mwalimu," walikuwa wakisema, tena kwa heshima zote, na heshima hiyo ndiyo iliyomuudhi zaidi.

Aliyemkata maini kabisa ni Wakili. Mtoto wa Mama Insha, damu yake, insha yake mistari miwili: "Palikuwa na mwizi. Alikamatwa kwa sababu aliiba." Mama alimbembeleza, akampa methali za kupambia, akamfundisha kuanza na jua linalozama. Wapi! Mwizi alikamatwa, hadithi imekwisha, kuna nini tena?

Basi Mama Insha akakaukiwa sauti. Daktari akamwambia apumzike wiki nzima asiseme neno, na vipindi vyake akapewa nani? Wifi, nani mwingine. Siku aliyorudi alikuta darasa kimya, vichwa vimeinamia madaftari. Ubaoni palikuwa na maswali matatu, yamepigiwa mistari kwa rula: Mtu wako anataka nini? Nini kinamzuia? Kwa hiyo anafanya nini? Hakuna methali, hakuna jua kuzama. Na Wakili alikuwa ukurasa wa nne.

"Nimekushikia tu mpaka upone, wifi," alisema mwenzake, akijipangusa chaki. "Watoto wako hao."

"Ahsante, wifi yangu," akajibu Mama Insha, meno nje, moyoni moto unawaka. Miaka yote hiyo alime yeye, avune mwingine? Angekuwa mgeni ingekuwa nafuu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea, na huyu alikuwa mpaka kwenye picha za harusi yake.

Jioni, akiosha vyombo, alimtupia mume maneno. "Dada yako angebaki na hesabu zake."

"Lakini si mtoto ameandika?" mume akashangaa. "Si ndicho ulichokuwa unalilia?"

Mama Insha aliisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. Hapo ndipo Wakili alipokuja na daftari lake, amelikumbatia kifuani.

"Mama, nimemaliza. Nisomee."

"Mpelekee shangazi yako," akasema Mama Insha bila kugeuka. "Si yeye aliyekufundisha?"

Wakili, ambaye hakuwahi kukosa la kubisha, hakubisha. Alirudi chumbani na daftari lake, akafunga mlango taratibu. Mama mtu alitamani kumwita, lakini akaichukua sufuria nyingine, akaanza kuisugua.

Siku ya kusomeana hadithi, wifi naye alialikwa, akakaa nyuma kabisa. Ilipofika zamu yake, Wakili alisimama mbele.

"Ile ndefu nimeiacha," alisema. "Nimeandika nyingine." Kisha akasoma: "Palikuwa na msichana aliyetaka mama yake aipende hadithi yake. Kilichomzuia ni kwamba hakuweza kuandika. Kwa hiyo akafundishwa na shangazi yake, akaweza. Akampelekea mama. Mama akakataa kuisoma."

Akashusha daftari.

"Endelea," Mama Insha akasema.

"Siwezi, Mwalimu. Sijui kwa nini mama alikataa. Nikijitungia tu, haitaingia akilini."

Darasa zima likageuka kumtazama. Wifi akainamia viatu vyake. Mama Insha alikuwa na majibu tele mdomoni: kazi zilikuwa nyingi, kichwa kilikuwa kinauma, sufuria zilikuwa chafu. Lakini utawadanganya vipi watoto waliompima jini na kibuyu chake?

"Alimwonea wivu shangazi mtu," akasema.

"Kwa nini?" Wakili aliuliza, kalamu tayari mkononi.

"Kwa sababu alitaka awe yeye. Alitaka kuwa yeye aliyemfundisha mwanawe kuandika, hata kama mwanawe angebaki na mistari miwili."

Wakili alilipima jibu hilo, kama anavyofanya na kila jibu. Kisha akaliweka daftari juu ya meza ya mwalimu, akaandika.

"Hiyo inaingia akilini," akasema, akalisogeza daftari mbele ya mama yake asome.