Benchi la Duka la Dawa

Bisha ukitaka, lakini hapa Same hakuna linalonipita, mimi niliyeacha shule darasa la sita. Juzi nimekaa kwenye benchi la duka la dawa, akaingia mama wa Kimaasai, mgongoni mtoto anayeanza kutembea.

"Dada, amoksilini ya zahanati inamharisha. Nimeiacha. Na maziwa mgando aliyozoea nimemnyima."

"Yeyo, nani kakwambia uache?" muuzaji akamwita mama kwa Kimaasai.

"Nani wa kuniambia? Baba yake kaenda Ziwa Jipe na ng'ombe. Nimejiambia mwenyewe."

Muuzaji akaegemea kaunta. "Dawa hii huvuruga tumbo, litatulia. Mmalizishe dozi. Mnyonyeshe, mgando mrudishie, na umpe haya maji ya chumvichumvi. Ukiona damu, au akilegea, kimbia hospitali." Halafu akauliza taratibu, "Na wewe, umekula?"

Mama akacheka, huku akifuta macho kwa ncha ya shuka.

Haya, wajuaji wenzangu, nyumbani kwenu nani anawauliza hivyo?

Kuna kipande nimekiruka. Mimi sikuwa mgonjwa. Huwa nakwenda kukaa pale kwa sababu muuzaji huniuliza, "Leo unajisikiaje?" Nami hujibu kwamba kichwa kinaniuma.